Shangazi, kwaya ni ya wote ila jiko limekuwa langu peke yangu

Shangazi shikamoo. Samahani barua itakuwa ndefu na itarukaruka, naandika usiku huku nasubiri maji yachemke, utanivumilia.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka 15, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana kanisani kwetu. Kwenye daftari la mwalimu wako 34 ila siku ya chakula wanafika hata 40, hao 6 wanatokea wapi sijui na sijawahi kuuliza. Mazoezi ni kila Jumamosi saa nne mpaka saa saba mchana, na kukiwa na tamasha au mashindano yanasogea mpaka jioni.

Sasa miaka miwili iliyopita mwalimu wa kwaya alituita wazazi akasema watoto wanasinzia mazoezini kwa njaa, tujitolee. Tukanyoosha mikono kama wazazi 11 hivi. Mi nikasema nitaleta chai na mkate. Wiki ya kwanza tulikuja watano, ya pili watatu, mwezi haujaisha tumebaki mimi na mama mmoja ambaye naye alibadilishiwa zamu kazini akaacha. Na ile chai na mkate sijui hata ilikuaje, nikaona watoto bado wana njaa nikaongeza mayai, halafu nikaona bora nipike wali kabisa, halafu wali mtupu nao si vizuri nikaweka maharage, nyama, mboga na tunda. Leo hii Ijumaa usiku mimi silali Shangazi. Na hela ni zangu, mume wangu ameshaacha kuuliza, anaguna tu.

Kinachoniuma hasa ni matangazo. Mwalimu anasimama mbele ya kanisa anasema "na chakula kama kawaida mama yetu yupo", watu wanapiga makofi, mimi hajaniuliza. Hata mashindano ya mwezi ujao nimesikia kwenye tangazo kwamba nitapikia na kwaya wageni. Anapenda sana kusema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini sufuria nalisugua mimi na vidole vyangu kumi.

Sasa mwezi uliopita likanikuta. Tulikuwa na tamasha saa kumi jioni. Ijumaa nilichoka nikaona nipike wali usiku ule ule, nimemaliza saa tatu, sufuria ni kubwa haliingii kwenye friji nikalifunika nikaliacha jikoni mpaka asubuhi. Asubuhi nikaupasha vizuri tu mpaka unatoa mvuke. Watoto wamekula saa saba, saa tisa watano wanatapika, wengine wanashika tumbo, tena karibu wote wa sauti ya kwanza. Kwaya ikaimba hivyo hivyo na pengo katikati. Kesho yake walikuwa wazima namshukuru Mungu. Lakini kwenye grupu la wazazi nilichosoma siwezi kurudia hapa. Watu ambao hawajawahi kuleta hata kikombe! Mmoja kaandika "chakula cha watoto kinahitaji watu makini".

Nilijibu kwa hasira nikafuta ila walishasoma.

Na usidhani sijaomba msaada. Nimeandika kwenye grupu mara nyingi "jamani nani atasaidia Jumamosi", meseji zinasomwa, kimya. Mara moja alikuja baba mmoja, kweli alikuja saa mbili asubuhi, nikampa vitunguu akakata mapande makubwa kama ya kulisha ng'ombe, ikabidi nikate upya vyote. Hakurudi. Mama mwingine aliosha vikombe nikavikuta na mafuta nikavirudia. Afadhali nifanye mwenyewe nijue moja. Halafu binti yangu ati ananiambia "mama watu wanaliogopa jiko lako", yaani mtoto niliyemzaa.

Juu ya yote hayo mazoezi yakiisha nabaki na watoto wawili watatu ambao wazazi wao wanachelewa kuwafuata, siku nyingine mpaka saa moja usiku niko na mtoto mmoja pale nje, siwezi kumwacha.

Nimekuwa punda wa dobi. Nataka kuacha kabisa lakini nikiacha watoto watakula nini, na binti yangu ataonekanaje? Na je ule wali ndo kweli uliwadhuru au ni tamasha tu na jua? Nishauri.

Mama Kwaya Aliyechoka


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza kaa chini, najua unasoma hii umesimama.

Nianze na wali maana naona ndo unakunyima usingizi. Mimi si daktari wala sikuwepo, lakini kwa jinsi ulivyoeleza, ni wali. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinakaa kwenye mchele mkavu na kuchemsha haziziui zote. Wali ukishaiva na kuachwa unapoa polepole, zile mbegu zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu. Na hapa ndo watu wengi wanapokosea, ile sumu ukipasha haivunjiki. Mvuke utauona, wali utanukia vizuri, na sumu imo. Anayeula anaweza kutapika ndani ya nusu saa mpaka masaa sita baada ya kula, mara nyingi siku moja tu anapona. Yako yote yanalingana, mpaka muda.

Sufuria kubwa lililofunikwa ndo linakaa na joto usiku kucha kama blanketi, katikati ya wali hata saa nane usiku bado ni vuguvugu. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Ama kibaki cha moto kweli kweli, zaidi ya nyuzi joto 60, ama kipoe haraka kiingie kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Kwa hiyo wali wa watu 40 unapikwa asubuhi ile ile unaliwa, na kama lazima ubaki unautandaza kwenye trei pana upoe upesi kabla ya friji, hauachwi kwenye sufuria. Basi. Ulikosea kitu ambacho nusu ya waliokuandikia kwenye grupu wanakifanya majumbani kwao kila wiki.

Lakini watoto waliugua, na chakula kilikuwa chako. Kwa hiyo kwenye grupu andika meseji moja, fupi: nilipika wali usiku nikauacha nje, nimejifunza kwamba ndo chanzo, naomba radhi kwa watoto na wazazi, haitarudiwa. Usiongeze "lakini na nyie". Najua unayo hiyo lakini, iko kwenye ncha ya ulimi, imeze tu. Ukishaomba radhi bila lakini, yule wa "watu makini" anabaki na maneno yake mkononi hajui ayapeleke wapi.

Haya, tuje kwenye jiko lako.

Mwanangu umeniandikia kila kitu halafu jibu ukalitia mwenyewe humo ndani bila kujua. Mlianza na chai na mkate. Nani alikuagiza wali? Umesema mwenyewe "sijui hata ilikuaje". Ilikuwa ni wewe. Uliongeza mayai kwa huruma, ukaongeza wali kwa huruma, nyama ikafuata, na kila ulipopandisha sahani kuna mzazi mmoja alirudi nyuma. Fikiria mama ambaye uwezo wake ni mikate miwili na majani ya chai. Anafika Jumamosi anakuta umepanga wali, nyama, mboga na matunda kama harusi. Atatoa ile mikate yake kwenye mfuko? Anairudisha nyumbani, na wiki inayofuata haji, na wewe unaandika kwamba hajali. Wengine hawajali kweli, sikatai, kila kanisa wapo. Ila sio wote wale kumi.

Na wachache waliobaki ukawakatia vitunguu upya mbele ya macho yao.

Huyo baba wa vitunguu amenikaa kichwani ujue. Mwanaume kaamka Jumamosi, saa mbili kafika, kapewa kisu. Vitunguu vikubwa kwenye maharage ya watoto 40 vinamdhuru nani? Vinaiva hivyo hivyo. Wewe ulipochukua ubao ukaanza kuvikata upya hukuhitaji kumwambia neno lolote, aliondoka akijua. Na yule mama wa vikombe hivyo hivyo. Vikombe vyenye mafuta kweli ni kosa, lakini dawa yake ni kumwambia maji ya moto yako pale mwenzangu, tuvirudie, kisha mnavirudia wote wawili mnapiga story. Binti yako hakukutukana. Ana miaka 15, anaona vitu, na amekwambia kwa lugha nyepesi kuliko yangu.

Hapo nimekusema, sasa zamu ya mwalimu wa kwaya.

Huyo anakosea. Kutangaza kazi ya mtu kabla ya kumuuliza ni kumfunga mikono mbele ya watu, maana ukikataa baada ya makofi utaonekana wewe ndo mbaya. Sidhani ana nia mbaya, amezoea tu, jambo linalojifanya lenyewe kila Jumamosi mtu anaacha kuliona. Usimngoje Jumapili wala usimtumie meseji. Mtafute siku ya katikati ya wiki, mkae, umwambie hivi: "Mwalimu, mashindano ya mwezi ujao sikuulizwa na sitapikia wageni. Kuanzia mwezi ujao nabaki na Jumamosi moja kwa mwezi. Nyingine zinahitaji watu, nitasaidia kuwapata, lakini sitazijaza mimi." Akikwambia watoto watateseka mwambie ndio maana unamwambia mapema. Akikwambia Mungu atakulipa, itikia amina halafu urudie sentensi ya pili.

Maana hata Musa, alikuwa anakaa toka asubuhi mpaka jioni anaamua mashauri ya watu peke yake, mkwewe Yethro akaja kumtembelea akaona akamwambia hii sio sawa, iko Kutoka 18 kasome. Watu wanapenda kuhubiri lile la kwamba Musa atachoka. Yethro alisema watachoka yeye na watu pia. Na wewe kwaya yako imeshaanza kuchoka na huduma yako, ndo yale ya grupu.

Sasa mahesabu. Vijana 34, toa ndugu wanaotoka nyumba moja tuseme zimebaki nyumba 28. Ukipanga nyumba 3 kila Jumamosi zamu inamrudia mtu baada ya wiki 9 hivi. Wiki tisa! Hakuna mzazi atakayesema hawezi mara moja kwa wiki tisa, na kama hela hana ana mikono: kuosha vyombo, kupiga pasi sare, kuchota maji, kukaa na watoto mpaka wafuatwe. Kwenye listi usiandike nani ataleta nini kikubwa, andika kazi ndogo ndogo zilizokatwa, mtu achague. Mtu akiona "kusimamia chakula" anakimbia, akiona "kuleta vikombe 40 na kuvirudisha" anaweka jina.

Na usirushe tena ile "jamani nani atasaidia" kwenye grupu la watu wote, pale kila mmoja anaangalia mwenzake. Piga simu. Mtu mmoja, kitu kimoja, tarehe moja. "Mama fulani tarehe 14 unaweza kuleta mikate sita?" Hapo lazima ajibu ndiyo au hapana, na wengi watasema ndiyo manake hawajawahi kuulizwa kwa majina yao.

Menyu irudi chini. Hili halitakufurahisha ila sikiliza, mazoezi ya masaa matatu hayahitaji mlo kamili katikati. Tena mwimbaji aliyeshiba sana haimbi vizuri, tumbo likijaa ule msuli wa chini ya mapafu unakosa nafasi ya kushuka, pumzi inakuwa fupi, na anayeinama na kusimama anacheulia tindikali kooni. Waimbaji wengi wanakula mlo mzito saa mbili au tatu kabla ya kuimba, wakikaribia ni kitu chepesi, ndizi, mkate, na maji. Maji ndo muhimu kuliko vyote hivyo ulivyokuwa unapika, na wanywe kidogo kidogo toka asubuhi maana maji ya dakika ya mwisho yanalowesha mdomo tu, koo bado halijapata kitu. Kwa hiyo tunda na mkate saa nne kasoro, maji muda wote, saa saba waende wakale kwao. Siku ya tamasha refu ndo mpike, na siku hiyo ipangwe na watu si chini ya sita.

Ila kabla hujakabidhi hiyo listi kwa mtu yeyote, wazazi wajaze karatasi moja: mtoto wangu hali nini, na kinamfanya nini akila. Hujaniandikia habari za mzio na kwa vijana 34 sitashangaa wapo. Karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano, ufuta, hivi ndo vinasumbua wengi, na kwa mtoto mwenye mzio mkali wa karanga kuzitoa kwenye sahani haitoshi, mwiko uliogusa mchuzi wa karanga unaweza kumfikisha hospitali. Karatasi ikae ukutani jikoni wala isikae kichwani mwako, maana wewe Jumamosi nyingine hutakuwepo.

Na hela. Kama hutaki kurudishiwa, sawa, ni sadaka yako. Lakini weka risiti na andika kiasi, kila wiki, mpe mhazini nakala. Hivi sasa hakuna mtu hapo kanisani anayejua kulisha hiyo kwaya kunagharimu kiasi gani, akiwemo mwalimu anayealika kwaya wageni. Siku wakiona tarakimu wenyewe watashangaa, na bajeti itaanza kuzungumzwa na wenye vikao.

Hilo la kubaki na mtoto mmoja mpaka saa moja usiku limenitisha zaidi ya wali. Nakuamini, lakini utaratibu hauwekwi kwa ajili ya unayemwamini. Watu wazima wawili, siku zote, mahali penye mwanga panapoonekana, na mzazi anayechelewa anapigiwa simu na mwalimu au mzee wa kanisa, sio na wewe. Hii ipeleke kwa mchungaji wiki hii hii, isingoje mambo ya zamu.

Umeuliza binti yako ataonekanaje. Atakuwa mtoto wa sauti ya pili ambaye mama yake anakuja kumsikiliza, hivi mara ya mwisho ulimsikiliza lini akiimba badala ya kumsikia ukiwa jikoni na mlango umefungwa? Jumamosi yako ya kwanza ya kupumzika nenda ukakae kwenye benchi nyuma. Na itafika Jumamosi moja zamu itavunjika, hakutakuwa na kitu mezani. Usifiche sufuria kwenye gari "kwa tahadhari", nakujua wewe. Acha meza ikae tupu. Watoto watakunywa maji, wataenda kula kwao, na jioni simu zitalia kuliko siku zote ulizobembeleza.

Ila leo kabla ya hayo yote, mpigie yule baba wa vitunguu. Mwambie tarehe unayotaka, na aje na kisu chake.

Shangazi